Mihadhara ya Gifford na ya Tanner: uanze na ipi?

Mihadhara ya Gifford, inayohusu dini na falsafa, ilianza mwaka 1888 katika vyuo vikuu vya Edinburgh, Glasgow, St Andrews na Aberdeen, nchini Uskoti, kwa fedha za wasia wa jaji Adam Gifford, aliyeagiza kwamba milango iwe wazi kwa umma wote, hata kwa asiye mwanafunzi, na kwamba mhadhiri aweza kuwa wa dini yoyote au asiwe na dini kabisa. Sharti hilo, kwangu, ndilo hazina yake kuu. Aidha, mhadhiri hupewa mfululizo mzima, hivyo hoja hupata muda wa kukomaa: mwanafalsafa Hannah Arendt alizungumzia kufikiri huko Aberdeen mwaka 1973, akarudi mwaka uliofuata kuzungumzia utashi, akapatwa na mshtuko wa moyo katikati ya mhadhara.

Ile ya Tanner, iliyoasisiwa mwaka 1978, huhusu tunu za kibinadamu na hutolewa katika vyuo kadhaa, vikiwemo Harvard na Oxford. Ni mifupi zaidi, lakini mara nyingi wachambuzi hualikwa kumjibu mhadhiri. Anayetaka kuona hoja ikipingwa waziwazi aanze na Tanner. Mimi, nipendaye kumfuata mwanafalsafa mmoja hatua kwa hatua hadi anapokwama, nachagua Gifford.