Simu ya mezani juu ya redio ya ridhaa: uzoefu wangu na AREDN

Kimbunga Beryl kilipopiga Houston Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme. Kwetu ulikatika siku nne, intaneti ikaondoka nao, simu ya mkononi ikawa inashika na kuachia. Dada yangu na mumewe wanakaa kilomita 5 tu kutoka kwangu, na siku mbili nzima sikujua hali yao. Mimi na shemeji wote tuna leseni ya redio ya ridhaa, yaani redio ya watu binafsi isiyo ya biashara. Hilo liliniuma sana.

Ndipo tukaingia kwenye AREDN. Ni programu ya bure inayopakiwa kwenye ruta na antena za MikroTik, Ubiquiti na nyinginezo, zikageuka nodi, yaani vituo vya mtandao, zinazotafutana zenyewe na kupitishiana data bila kampuni ya intaneti katikati. Kuipakia kwenye ruta ndogo ya MikroTik, hAP ac lite, ilikuwa kazi ya jioni moja. Shughuli ilikuwa paani: masafa ya GHz 5 hayapiti kwenye majani ya miti, na mtaa wetu una mialoni mikubwa. Tuliongeza mlingoti mpaka antena zikaonana.

Kila nyumba ikapata simu ya mezani ya Grandstream, aina inayopiga kupitia mtandao. Inaita vizuri, shemeji anapokea, ananisikia, mimi simsikii! Wikiendi nzima nilikagua nyaya. Kumbe niliiweka nodi yangu kwenye NAT, hali inayoficha vifaa vya nyumbani nyuma ya anwani moja ya nodi, kwa hiyo simu yangu ilimpa shemeji anwani ya ndani ambayo sauti yake isingeweza kuifikia. Niliirudisha kwenye hali ya moja kwa moja ya vifaa vitano, ambapo kila kifaa kina anwani yake kwenye mtandao wote, tatizo likaisha palepale. Ukikutana na sauti ya upande mmoja, anzia hapo.

Baadaye niliweka Asterisk, programu ya kuunganisha simu, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ili tupate namba fupi. Ni nzuri, ila msiitegemee peke yake. Kadi ya kumbukumbu ilipoharibika, namba fupi zote zilikufa, lakini kupiga kwa anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) moja kwa moja kuliendelea kama kawaida. Kwa siku ya dhoruba hiyo ndiyo njia ninayoiamini, na anwani nimezibandika ukutani. Kodeki ya G.711, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data, inatumia takribani kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, mzigo mdogo kwa kiungo chetu, na sauti ni safi kuliko ya mkononi.

Sheria ya Marekani hairuhusu kuficha maana ya mazungumzo kwenye masafa haya, wala biashara. Zimeni usimbaji kwenye simu, na mambo ya benki msiyazungumzie humo.

Mwezi uliopita tulizima swichi kuu nyumba zote mbili, tukaunganisha betri za volti 12, nikapiga. Alipokea dada, shemeji akiwa kando yake. Tukaongea dakika arobaini.