Ndege ya kivita ipi inunuliwe? Orodha kwa serikali yenye mfuko wa kawaida

Mwaka 2021 ndege za kivita 26 za Afrika Kusini, aina ya Gripen, zilisimama chini zote. Hazikuwa zimezeeka wala kuharibika. Mkataba wa matengenezo ulikuwa umekwisha, na zikakaa hivyo mpaka mwingine uliposainiwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya ndege, uliza saa moja angani inagharimu kiasi gani, zidisha kwa saa ambazo marubani wako watahitaji kwa mwaka, kisha kwa miaka 30. Kama fedha hiyo haimo kwenye bajeti, zabuni isitangazwe.

Orodha hii ni ya nchi inayotaka kulinda anga yake na kuiwahi ndege isiyojitambulisha, basi.

Ya kwanza ni Gripen E ya Uswidi. Naiweka juu hata baada ya kisa hicho, maana kosa halikuwa la ndege. Waliobuni Gripen walijua vita ikianza viwanja vyao vitapigwa mapema. Basi inatua kwenye kipande cha barabara kuu cha mita 800, magari ya mafuta na silaha yanaisogelea, na fundi mmoja akiwa na askari watano wa mujibu wa sheria wanajaza mafuta na kufunga makombora chini ya mabawa. Dakika kama 10, imeruka tena. Jeshi lenye mafundi wachache liangalie hilo kabla ya kuangalia kasi. Brazil iliagiza 36 mwaka 2014, na baadhi zinaunganishwa hukohuko Brazil. Dosari yake ni injini: F414 ni ya Marekani, kwa hiyo bila kibali cha Washington huuziwi.

Ya pili, F-16 Block 70, toleo jipya la ndege ya Marekani. Familia hii iliruka mara ya kwanza 1974 na zimeshatengenezwa zaidi ya 4,500, hivyo vipuri, wakufunzi na mafundi hawakosekani. Bodi lake limepangiwa saa 12,000 za kuruka. Tatizo ni foleni: Taiwan iliagiza 66 mwaka 2019, na ya kwanza ikakabidhiwa 2025.

Rafale ya Ufaransa ni ya tatu, na kama fedha ipo ingekuwa ya kwanza. Injini, rada na sehemu kubwa ya silaha zake ni za Wafaransa wenyewe, kwa hiyo unazungumza na Paris tu. Misri na India zimeinunua. Ila soma bei kwa makini. Mwaka 2016 India ilikubali kulipa takriban euro bilioni 7.87 kwa ndege 36. Ukigawanya unapata zaidi ya euro milioni 200 kwa kila moja, lakini humo mna silaha, vipuri, matengenezo na marekebisho walioomba wao. Kamati nyingi hulinganisha bei ya ndege tupu ya muuzaji mmoja na furushi zima la mwingine. Dai furushi kwa furushi.

Kwa mfuko mdogo kuna FA-50 ya Korea Kusini. Ni nyepesi, imetokana na ndege ya mafunzo, na kwa doria inatosha. Poland iliagiza 48 mwaka 2022.

F-35 ya Marekani naiweka ya tano, ingawa hakuna nyingine hapa inayojificha kwenye rada kama hiyo. Uswisi iliamini imefunga bei isiyobadilika. Mwaka 2025 Marekani ikasema sivyo, na kwamba gharama zitapanda. Uturuki ilitolewa kwenye mpango wenyewe mwaka 2019 baada ya kununua makombora ya S-400 ya Urusi. Typhoon ya Ulaya nayo ina wenyewe wanne: Uingereza, Ujerumani, Italia na Uhispania. Ujerumani pekee ilizuia mauzo mapya kwa Saudi Arabia kwa miaka hadi 2024. Ndege za Urusi siziweki kabisa, kwa sababu ya sheria ya Marekani ya 2017 ya kuwawekea vikwazo wanaonunua silaha za Urusi, na ugumu wa vipuri tangu vita vya Ukraine.

Na za mtumba? Zinafaa sana, mradi mtengenezaji wa awali akubali kwa maandishi. Mwaka 2018 Croatia ilichagua F-16 za Israel zilizofungwa vifaa vya Kiisraeli. Marekani ikataka vifaa hivyo vitolewe kwanza, na mwanzoni mwa 2019 biashara ikafa. Argentina iliponunua F-16 24 za Denmark mwaka 2024, baraka za Washington zilikuwa tayari. Ukienda kukagua za namna hiyo, usihangaike na mwaka wa kutengenezwa. Omba daftari la kila ndege, soma saa zilizobaki kwenye bodi na kwenye injini, na umchukue fundi wako mwenyewe akaangalie nyufa kwenye mashina ya mabawa.