Linux Mint 22 kwenye EliteBook 840 G3: nimeiweka, ila Windows sijaifuta

EliteBook 840 G3 ni katika laptopu za mtumba unazozikuta Kariakoo, na prosesa yake ni Intel ya kizazi cha sita. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, kwa hiyo hata ukiijaza RAM na SSD mpya, bado inakataliwa. Windows 10 nayo iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi anaweza kukupigia 11 kwa kuruka ukaguzi na itawaka vizuri tu, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho.

Ndiyo maana nikageukia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows. Kwa mashine hii Mint toleo la Cinnamon ni jepesi kuliko nilivyotarajia: RAM ya GB 8 inatosha na kubaki. Kama una GB 4, chukua toleo la Xfce, jepesi zaidi. Faili la kupakua linakaribia GB 3, basi angalia bando kabla ya kuanza.

Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus, programu ya Windows ya kutengeneza flashi ya kuwashia kompyuta, zima mashine, washa huku ukigonga F9, chagua flashi. Mint itawaka bila kugusa diski. Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu: jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, kufunga na kufungua kifuniko, na hasa printa. Epson za tangi zilinikubali bila shida. Printa ndogo ya leza niliyonayo iligoma kabisa, haina draiva. Wi-Fi ikikosekana, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushea intaneti, kisha fungua Driver Manager, sehemu ya Mint ya kutafuta draiva.

Ukiamua kuziweka zote mbili, yaani Mint pembeni ya Windows, nakili kwanza ufunguo wa BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa siri) wenye tarakimu 48. Halafu ndani ya Windows fungua CMD (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika powercfg /h off. Ukiruka hatua hii, Windows haizimiki kikamilifu na Mint inaweza kukataa kuandika kwenye diski ya Windows. Punguza sehemu ya Windows kwa GB 60 ukitumia Disk Management, uiachie Mint nafasi hiyo.

Kuna jambo litakalokufanya ununue bure betri ya CMOS, ile ndogo inayotunza saa ya kompyuta: ukitoka Mint, saa ya Windows inaweza kurudi nyuma kwa saa tatu. Mint huhifadhi saa ya ubao kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kwenye Terminal ya Mint andika timedatectl set-local-rtc 1, yakaisha.

LibreOffice, programu ya ofisi ya Mint, inafungua docx, na fonti ya Carlito inashika nafasi ya Calibri kwa upana uleule wa herufi. Makro za Excel ndizo zinazovunjika. Ukienda kuchapisha steshenari peleka PDF, usipeleke docx.

Photoshop na AutoCAD hazina toleo la Linux, na kuzilazimisha kwa Wine, programu ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, ni kujitafutia kesi. Anayekula kwa programu hizo abaki Windows, atafute 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane. Mimi kazi zangu ni barua, hesabu ndogo na kivinjari, na Windows naifungua siku ya kuchapisha tu, kwa ajili ya ile printa.