Kalenda za 2026 mjini Nairobi: fungua Oktoba kwanza

Kalenda zinazopangwa kwenye vibanda na maduka ya vitabu katikati ya jiji mwisho wa mwaka zinavutia kwa mbali: simba, Mlima Kenya, KICC usiku. Picha hizo hazimsaidii karani wa shule wala afisa wa mradi anayepanga maadhimisho. Anachohitaji ni tarehe sahihi na nafasi ya kuandika. Mambo yote mawili hupimwa haraka ukifungua ukurasa wa Oktoba, mwezi uliojaa siku za kimataifa, na baadhi ya siku hizo huhama kila mwaka.

Siku zisizohama ni rahisi, na hata mtengenezaji mvivu huzipata: Siku ya Wazee tarehe 1, Walimu tarehe 5, Posta tarehe 9, Afya ya Akili tarehe 10, Mtoto wa Kike tarehe 11, Chakula tarehe 16, Kutokomeza Umaskini tarehe 17, Umoja wa Mataifa tarehe 24, Miji tarehe 31. Kasoro hujitokeza kwenye zile zinazofuata siku ya wiki. Siku ya Makazi Duniani huwa Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 6, na 2026 ni tarehe 5. Siku ya Uoni Duniani ni Alhamisi ya pili: 2025 ilikuwa tarehe 9, 2026 ni tarehe 8. Siku ya Ndege Wahamao, ambayo huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, imetoka tarehe 11 ikaja tarehe 10.

Kwa hiyo kalenda ya 2026 iliyoandika Makazi tarehe 6 na Uoni tarehe 9 imenakiliwa kutoka ya mwaka uliotangulia. Itazame pia tarehe 20. Mwaka 2025 Diwali iliangukia siku hiyo pamoja na sikukuu yetu ya Mashujaa, na ilikuwa pia Siku ya Takwimu Duniani. Mwaka 2026 Diwali ni Novemba 8, na Siku ya Takwimu huja mara moja kila miaka mitano, hivyo inayofuata ni 2030. Tarehe 20 Oktoba 2026 ikibeba kitu zaidi ya Mashujaa, uliza kimetoka wapi.

Kuna alama ya orodha kuukuu kuliko hiyo. Siku ya Kupunguza Hatari za Majanga zamani ilikuwa Jumatano ya pili, hadi mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoiweka tarehe 13 Oktoba. Kalenda ya 2026 inayoiweka tarehe 14 inatumia orodha iliyopitwa na wakati kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Vivyo hivyo kwa sikukuu zetu. Kenyatta Day imekuwa Mashujaa tangu Katiba ya 2010. Oktoba 10 ilikuwa Moi Day, ikaja kuwa Siku ya Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Hapo wachapishaji wengine huchanganya mambo na kuiita Siku ya Mazingira Duniani, ilhali ile ya dunia ni Juni 5.

Kukosa Siku ya Makazi ni kosa lisilo na kisingizio hapa kwetu. Iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1986, mwenyeji akiwa Nairobi, na makao makuu ya UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, yako Gigiri, humu humu jijini.

Sasa aina zenyewe.

Kalenda ya karatasi moja ya A2 (ukubwa wa A4 nne), miezi yote 12 upande mmoja, ndiyo inayofaa ofisi ya mwalimu mkuu au ukuta wa kikundi cha akina mama. Miezi ikipangwa mitatu kwa minne, kisanduku cha siku kina upana wa milimita 18 hivi. Hapo jina la siku haliingii, kwa hiyo iliyotengenezwa vizuri huweka nukta ya rangi kwenye tarehe na orodha chini. Mtego uko kwenye hizo nukta. Shuleni kalenda hunakiliwa kwa mashine ya fotokopi ili ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na nukta nyekundu ya sikukuu ya kitaifa na ya kijani ya siku ya kimataifa zote hutoka kijivu kile kile. Mzazi akiona nukta tarehe 5 atadhani hakuna masomo. Nunua ile inayotumia maumbo tofauti, nyota na duara kwa mfano, au yenye sikukuu za kitaifa ndani ya kisanduku kilichojazwa rangi kote. Karatasi isiwe chini ya gramu 130 kwa mita ya mraba. Ya gramu 80 hujikunja pembe kabla ya mvua za Aprili kuisha.

Kalenda ya mezani yenye ringi za waya hununuliwa zaidi na maofisi, na ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya nzuri na mbovu. Ya A5 iliyolazwa ina upana wa milimita 210. Toa pembeni, gawanya kwa siku saba, kila siku inabaki na milimita 27 au 28. Jumatatu tarehe 5 Oktoba 2026 inabeba Walimu na Makazi kwa pamoja. Jumamosi tarehe 10 inabeba Mazingira yetu, Afya ya Akili na Ndege Wahamao. Tarehe 15 nayo ina Kunawa Mikono, Wanawake wa Vijijini na Fimbo Nyeupe ya wasioona. Majina matatu ndani ya milimita 27 hulazimisha herufi ndogo za kusomwa kwa miwani, na nafasi ya kuandika “mkutano saa nne” haipo tena. Ya A4 iliyolazwa hukupa karibu milimita 40 kwa siku. Inakula meza, lakini kwa mtu anayepanga shughuli za mwezi ni hiyo tu. Anayeng'ang'ania A5 atafute ile iliyoweka majina nyuma ya ukurasa na kuacha visanduku vyeupe mbele.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio mawili dukani. Andika kwa biro kwenye kona ya ukurasa wa mwisho. Karatasi inayong'aa sana huacha wino ukiteleza na kupaka mkono, kwa hivyo isiyong'aa ni bora. Kisha isimamishe na ugeuze kurasa zote 12 kwa haraka. Kadibodi nyembamba ya chini hufunguka miguu na kalenda hulala chali. Ringi za plastiki nazo hunasa ukurasa na kuurarua kwenye matundu. Waya wa mizunguko miwili haufanyi hivyo.

Jambo dogo ambalo wanunuzi hawalitazami ni wiki inaanza siku gani. Wiki ya Anga Duniani ni Oktoba 4 hadi 10, na mwaka 2026 tarehe 4 ni Jumapili. Kalenda inayoanza Jumapili huionyesha kwa mstari mmoja mzima. Inayoanza Jumatatu huikata vipande viwili, na mpangaji asiye makini huhesabu siku sita.

Za bure kutoka benki na vyama vya akiba zina karatasi nzuri kuliko nyingi za kununua, lakini nusu ya ukurasa ni tangazo na siku za kimataifa huwa hakuna. Mtu wa nyumbani zinamtosha, hasa akiziunganisha na simu.

Simu ina udhaifu wake. Ukiwasha sikukuu za Kenya kwenye Google Calendar, siku za Umoja wa Mataifa haziji zote. Ziweke mwenyewe, na kwa zile zinazohama usichague kurudia kila mwaka, kwa sababu simu itashika tarehe 5 na mwakani itakudanganya. Andika tukio Jumatatu tarehe 5 Oktoba 2026, nenda kwenye marudio ya kujipangia, chagua kila miezi 12, kisha “Jumatatu ya kwanza”. Uoni fanya hivyo kwa Alhamisi ya pili. Diwali na Idd haziwezi kufungwa kwa kanuni hiyo kwa sababu zinafuata mwezi wa angani, na Idd husubiri mwezi uandame.

Kwa shirika linalotaka kalenda yenye nembo yake, wachapishaji wa River Road, Luthuli na Barabara ya Kirinyaga wanaweza kazi hii vizuri, mradi mteja alete orodha safi. Kosa kubwa huzaliwa kwenye Excel. Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani ikipewa 5/10 huielewa Mei 10, na Siku ya Walimu inahamia huko kimya kimya. Ikipewa 15/10 inashindwa, maana hakuna mwezi wa 15, kwa hivyo inaiacha kama maandishi na kuisukuma mwisho wa orodha pale unapoipanga. Matokeo yake, siku za kuanzia tarehe 1 hadi 12, isipokuwa 10/10, huruka miezi na zilizobaki hukusanyika chini. Andika “5 Oktoba” kwa maneno, na utume maandishi. Usitume picha ya orodha kwa WhatsApp.

Mwachie mchapishaji milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata, na juu uache milimita 12 bila maandishi kwa matundu ya waya. Usichapishe kaulimbiu za siku hizo. Nyingi hutangazwa mwaka wenyewe ukiwa umeanza, kwa hiyo weka mstari mtupu wa kujazia. Idadi ikiwa ndogo, chapa ya dijitali ni nafuu. Ikifika mamia, chapa ya ofseti hushusha bei ya kila nakala kwa sababu gharama ya pleti, yaani bamba la kuchapia, inagawanywa. Omba sampuli ya ukurasa wa Oktoba peke yake kwenye karatasi ile ile itakayotumika, ikague, utie sahihi nyuma yake, ndipo ulipe kilichosalia cha malipo ya kuanzia.

Siku ya kuchukua mzigo, fungua mabunda matatu kutoka sehemu tofauti za katoni. Kurasa zikipangwa kwa mkono usiku, si ajabu kukuta Oktoba mbili na Septemba hakuna, na mzigo ukishatoka mlangoni fundi atakwambia ulihesabu ukapokea.