Mwanasesere mwenye umbo la mtoto mchanga: tathmini ya mwalimu wa chekechea

Nafundisha chekechea, na vitu vya kuchezea vinavyodumu mikononi mwa watoto wangu ni vichache mno. Mwanasesere huyu amedumu. Nampa alama za juu, ingawa ana kasoro ambazo mzazi azijue kabla hajatoa pesa.

Ana urefu wa sentimita 30 hivi. Kiwiliwili ni cha kitambaa kilichoshindiliwa pamba; kichwa, mikono na miguu ni ya plastiki laini. Mtoto wa miaka miwili anamudu kumpakata au kumlaza begani bila msaada. Hana betri. Halii, hacheki, hasemi lolote, na hilo ndilo lililonifanya nimchague. Wapo wazazi wanaoniuliza kwa nini nisinunue wale wanaoimba ukiwabonyeza tumbo. Nawajibu kwamba mwanasesere akiongea, mtoto hunyamaza. Akinyamaza yeye, mtoto hulazimika kuongea kwa niaba ya wawili.

Na huongea kweli! Kuna msichana wa miaka mitatu ambaye asubuhi hulia mama yake akiondoka. Siku moja nilimsikia akimbembeleza mwanasesere: "Usilie, mama anakwenda kazini, jioni anarudi. Njoo nikufute kamasi." Maneno yale yale tuliyokuwa tukimwambia yeye sasa yalikuwa yake, na aliyatumia kumtuliza mwingine. Mvulana mmoja, aliyepata mdogo wake karibuni, alimfunika mwanasesere kisha akatuamuru sote tunong'one kwa sababu mtoto ndiyo kwanza amelala. Tafadhali msiwanyime wavulana mchezo huu. Wao pia wanajifunza kulea.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, alieleza jambo hili mwaka 1933: mtoto anayejifanya mama wa mwanasesere hafanyi tu apendavyo, bali hujifunga kwa kanuni za umama. Naliona kila siku. Mtoto asiyekaa kitini dakika mbili hukaa kimya muda mrefu ajabu akimsubiri "mwanawe" apate usingizi.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichapisha utafiti wa kupima ubongo wa watoto wa miaka 4 hadi 8 wakicheza. Sehemu ya ubongo inayohusika na kuwaelewa watu wengine ilifanya kazi hata mtoto alipocheza na wanasesere akiwa peke yake, tena zaidi kuliko alipocheza peke yake kwenye tableti. Fedha za utafiti zilitoka Mattel, watengenezaji wa Barbie, na wanasesere waliotumika hawakuwa wa aina hii yangu, kwa hiyo siuchukulii kama neno la mwisho. Hata hivyo unalingana na ninayoyaona.

Nguo zake zina velkro mgongoni na vifungo vikubwa kifuani. Vifungo ni zoezi zuri la vidole, na mtoto hujifunza mpangilio: nepi kwanza, suruali baadaye. Msamiati nao unaongezeka. Kiwiko, kisigino, kope, kisogo, yote tumeyataja juu ya mwili wake. Lakini mikono ya shati inabana. Vidole vya mwanasesere vimetanuka, vinakwama kwenye kitambaa, na mtoto wa miaka miwili hukata tamaa akamtupa. Mimi nimeipasua mishono kidogo.

Kasoro ya pili ni maji. Kila mtoto anataka kumwogesha, na huyu haogesheki. Pamba inafyonza maji na kukauka ni shughuli. Tunampangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Kama kuogesha ndiko mwanao anakokupenda, tafuta mwanasesere wa plastiki mwili mzima.

Ndani ya boksi kuna pia chuchu ndogo ya kunyonya. Iondoe. Kwa watoto walio chini ya miaka 3, kipimo cha usalama kinachotumika Marekani ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7: chochote kinachozama chote humo kinaweza kumkaba mtoto koo. Chuchu hii inazama.

Nimefurahi kwamba anauzwa katika rangi mbalimbali za ngozi, nami nilichukua zaidi ya moja. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa Marekani wanasesere weusi na weupe, na wengi wakachagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Matokeo hayo yalitajwa kwenye kesi ya Brown ya mwaka 1954, hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani iliyopiga marufuku utengano wa rangi katika shule za umma. Mtoto anayemlea mwanasesere anapaswa kuona uso kama wake ukipendwa.

Umri unaomfaa zaidi ni miaka 2 hadi 5. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, chukua wa kitambaa kitupu, macho yake yawe yametariziwa, pasiwe na kifungo hata kimoja.