Mashine ya kupimia sukari: nzuri, ila haisahau

Nimeinunua mwezi wa Rajabu kwenye duka la dawa hapa Chake Chake, shilingi 55,000, pamoja na kalamu ya kutobolea kidole na vijiti kumi vya kuanzia, vile vya kuwekea tone la damu. Kopo la vijiti 50 ni 35,000, yaani kila ukijitoboa umetoa shilingi 700. Hesabu hiyo ifanyeni kabla, maana mashine hununuliwa mara moja, vijiti haviishi kununuliwa.

Mie fundi cherehani, nashona kanzu, sindano si mgeni kwangu. Kisindano chake hakiumi ukitoboa ubavuni mwa kidole badala ya ncha. Tone dogo, sekunde tano, jibu. Namba kubwa, naziona bila miwani. Damu ikiwa haba inaandika kosa, na 700 yako ndiyo imekwenda. Kopo lifungeni pale pale mkishatoa kijiti. Masika haya unyevu unaingia kila pahala, hata chumvi jikoni imeshalowa.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Niliambiwa nipime asubuhi kabla ya kula, na tena zikipita saa mbili baada ya chakula, niandike kwenye daftari, miezi mitatu ikitimia nilipeleke kliniki. Nikaanza vizuri. Siku moja nikala embe, nikapima, ikasoma 17. Nikanawa kwa sabuni, nikarudia, 9. Na hilo ni kweli kabisa: utamu wa tunda ukibaki kidoleni unachanganyika na lile tone, na kupangusa kwa spiriti hakutoshi, lazima maji. Basi nilipolijua hilo nikapata pa kutokea. Kila namba kubwa ikawa ya embe. Ikiwa si ya embe, kijiti kimeingia unyevu, au sikulala, au nimegombana na mteja. Ramadhani, baada ya kaimati na tambi, ikasema 14. Nikasema mashine imepata joto. Hizo sikuziandika, kwani nani anaandika makosa? Asubuhi ikisoma 6 sikuuliza kitu. Sikukagua kidole wala kopo. Kijiti kibovu huweza kupotosha kwenda juu au kwenda chini, lakini vyangu vilikuwa vinajua njia moja tu, juu.

Nikaenda kliniki na daftari safi, wino wa buluu, mistari ya rula, vipimo 31, wastani 6.9. Daktari ni binti, umri wa mwanangu wa tatu. Akalisoma, akasema, "Mashaallah, mzee." Kichwa kikavimba. Halafu akachukua karatasi ya maabara, ya kile kipimo cha miezi mitatu. Hicho huangalia sukari iliyogandia kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi siku 120 hivi, kwa hivyo ukijinyima jana hukibabaishi. Kimetoka asilimia 9.4.

"Mzee, hii kwa namba za mashine ni sawa na wastani wa 12 na kitu. Mashine umekuja nayo?"

Nikampa bila wasiwasi. Akabonyeza kitufe chenye mshale, ambacho mie siku zote nilidhani ni cha taa. Vipimo 88, kila kimoja na tarehe na saa yake.

Hakunigombeza. Alivisoma polepole, akifika kwenye kikubwa ananitizama, na mie jibu ninalo: hiyo embe, mwanangu, siku ile mvua ilinyesha, hiyo ilikuwa arubaini ya jirani. Nilipofika cha ishirini hivi nikaisikia sauti yangu, nikaijua ni ya nani. Ni ya wateja wangu. Mtu anakuja kushona kanzu ya Idi, nikimzungushia futi anavuta tumbo ndani, anasema, "Fundi, andika 38." Mie naandika 38, nakata 42. Akiivaa inamkaa, anafurahi, anawaambia wenzake fundi huyu hakosei. Miaka 26 nafanya hivyo na naona ni adabu. Yule hanidanganyi mie, futi ninayo mkononi. Anataka tu arudi nyumbani na lile tumbo alilokuja nalo akilini.

Langu lilikuwa zito zaidi kidogo. Kaka yangu alikatwa mguu kwa sukari, na tangu siku ile nikiona 14 naona msumeno. Nisipoiandika nalala. Vipimo 57 nimevilipia, karibu shilingi 40,000, halafu nikakaa kama sikuvipima.

Haya, mnaotaka kununua: chukueni yenye kumbukumbu, na tarehe na saa ziwekwe sawa pale pale dukani kabla hamjaondoka. Betri yangu ni ile ya kwanza mpaka leo. Kifuniko cha kalamu kimepasuka mwezi wa pili, nimekifunga uzi wa kudarizia, kinafanya kazi. Naipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa bei ya vijiti.

Jana usiku, baada ya mkate wa kumimina, imesoma 11.8. Nikanawa mikono, nikarudia, 11.6. Leo asubuhi 6.3. Sikurudia.