Kipimo cha pumzi: unywe glukosi au laktulosi?

Bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba huchachusha sukari na kutoa hidrojeni, ambayo hupita kwenye damu hadi mapafuni. Kipimo cha pumzi hupima hidrojeni hiyo ili kujua kama bakteria wamezidi, na ni kilekile kwa vinywaji vyote viwili. Kinachobadilika ni sukari unayokunywa: glukosi gramu 75 au laktulosi gramu 10, kwa maji kikombe kimoja. Hidrojeni ikipanda sehemu 20 kwa milioni juu ya kiwango cha kuanzia ndani ya dakika 90, jibu ni chanya.

Kwa kuaminika, glukosi ina udhaifu mmoja: hufyonzwa yote mwanzoni mwa utumbo, hivyo bakteria walioko mbele zaidi hawaiambulii. Laktulosi haifyonzwi, inapita utumbo mzima. Tatizo, kwa mwenye utumbo unaosukuma vitu haraka inawahi kufika utumbo mpana, ambako bakteria ni wengi kwa kawaida, na jibu linatoka chanya bure. Ukitaka chanya ya kuaminika, glukosi ina nafuu.

Laktulosi ndiyo ile sharubati ya kulainisha choo, mililita 15 tu, huenda ikakuharisha. Glukosi hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari aongee na daktari kwanza.

Maandalizi hayana tofauti: wiki 4 bila antibayotiki, jana yake wali mweupe na samaki (maharage hapana), kisha usiku mzima bila kula. Sigara moja asubuhi huharibu vipimo.

Aliyekatwa mfuko wa tumbo kwa upasuaji asiiamini sana hata glukosi: nayo huteremka mbio hadi utumbo mpana.